Li Hongzhang, Mchina aliyefanya mkataba na Kongo

Hapa Kolwezi kumwona Mchina barabarani si ajabu tena. Wengi wetu huanza hesabu na mkataba wa migodi wa mwaka 2008. Lakini China na Kongo ziliwekeana mkataba mapema zaidi, mwaka 1898, na aliyetia sahihi upande wa China ni Li Hongzhang.

Alizaliwa mwaka 1823 huko Hefei, katika jimbo la Anhui. Mwaka 1847 alifaulu mtihani mkuu wa kifalme, baadaye akawa jemadari na gavana. Kuanzia mwaka 1870 alitawala jimbo la Zhili kwa miaka 25. Alianzisha kampuni ya meli na mgodi wa makaa ya mawe wa Kaiping, kwa sababu hakutaka utajiri wa nchi yake uishie mikononi mwa wageni.

Hakuwa Mkristo. Hata hivyo, mke wake alipougua sana mwaka 1879, aliwaita madaktari wamisionari, John Kenneth Mackenzie na Leonora Howard. Mama huyo alipona, na Li akasaidia kazi ya hospitali yao mjini Tianjin.

Alijua pia uchungu wa Wachina waliopelekwa ng'ambo. Makumi ya maelfu walidanganywa, wakapelekwa Cuba na Peru na kutumikishwa kama watumwa. Mwaka 1874 Li alifanya mkataba na Peru ili walindwe.

Kilio hicho kilifika hata Kongo. Mwaka 1892 Wachina zaidi ya 500 waliletwa kutoka Macau kujenga reli ya Matadi hadi Léopoldville, Kinshasa ya leo. Wengi walikufa kwa magonjwa na kazi ngumu, kama walivyokufa Waafrika wengi waliofanya kazi pamoja nao.

Mwaka 1896 Li alizunguka Ulaya, akafika kwa mfalme Léopold II huko Ubelgiji. Miaka miwili baadaye alitia sahihi. Wachina wakaruhusiwa kuingia Kongo, kumiliki mali na kufanya kazi kama wageni wengine.

Wakati huo Mwami Msiri wa Bunkeya alikuwa amekwisha kuuawa, Desemba 1891, na shaba yetu ilihesabiwa kuwa mali ya Léopold. Hakuna Mkongo aliyeketi kwenye meza ya mkataba ule.

Li alikufa tarehe 7 Novemba 1901, miezi miwili baada ya kutia sahihi mkataba mwingine ulioitoza China fidia kubwa sana. Wengi kwao walimwita msaliti.

Wachina waliokwenda mbali walikuwa na mtu wa kuwasemea, hata kama alichelewa. Wenye nchi hawakuwa naye. Leo, mikataba ya shaba inapowekwa sahihi, tuulize kama kanisa: mchimbaji wa Kolwezi, na mama anayeosha mawe mtoni, wameandikwa kwenye ukurasa gani?