Billings: Daktari aliyechoshwa na kupekua, akageuka mkutubi

Hebu fikiria uko mwaka wa mwisho chuoni, tasnifu inakusubiri na hakuna Google. Hivyo ndivyo John Shaw Billings alivyojikuta mjini Cincinnati, Marekani, mwaka wa 1860. Alikuwa kijana wa miaka 22, mzaliwa wa jimbo la Indiana, mfukoni hana kitu. Husimuliwa kwamba kuna msimu wa baridi alioishi kwa maziwa na mayai ya senti 75 kwa wiki.

Alikuwa akiandika kuhusu kutibu kifafa kwa upasuaji. Swali lake lilikuwa rahisi: kati ya waliopasuliwa, wangapi walipona na wangapi walikufa? Majibu yalikuwepo, ila yalitapakaa kwenye majarida ya lugha mbalimbali, bila orodha ya kuonyesha kipi kiko wapi. Alipoteza karibu miezi sita akipekua, na vitabu vingine havikuwa katika maktaba yoyote nchini mwake. Uchungu huo hakuusahau.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka, aliwahudumia majeruhi, wakiwemo wa Gettysburg. Vita vilipokwisha mwaka wa 1865, alikabidhiwa maktaba ya ofisi ya daktari mkuu wa jeshi, Washington. Vitabu vilikuwa 2,000 hivi. Mwingine angekaa hapo akipanguza vumbi tu na kungoja mshahara, lakini jamaa huyu alipata pesa zilizobaki hospitali za jeshi zilipofungwa, akanunua vitabu. Kisha akaanza kuwaandikia barua madaktari na wahariri, akiomba hata majarida ya zamani. Kwa miaka mingi vitabu vilikaa ndani ya Ford's Theatre, jengo lile lile alimopigwa risasi Rais Lincoln. Alipoondoka mwaka wa 1895, vilikuwa vimepita 100,000.

Lakini rundo la vitabu bila orodha ni msitu tu. Jioni Billings alibeba majarida nyumbani, akaweka alama kwenye makala yaliyofaa, na makarani wakayanakili kwenye kadi. Mwaka wa 1879, yeye na Dkt Robert Fletcher walianzisha Index Medicus, jarida la kila mwezi lililoorodhesha makala mapya ya tiba kwa mada. Faida? Hakuna. Lilisimama mwaka wa 1899 kwa kukosa pesa, likafufuliwa mwaka wa 1903 kwa msaada wa Taasisi ya Carnegie ya Washington.

Kufikia hapo Billings alikuwa New York, mkurugenzi wa kwanza wa maktaba ya umma ya jiji hilo. (Ndiye pia aliyechora mpango wa hospitali ya Johns Hopkins, lakini hiyo ni hadithi ndefu.) Alifariki Machi 1913.

Orodha yake iliingia kwenye kompyuta, ikazaa MEDLINE, ambayo mwanafunzi wa udaktari Nairobi au Eldoret huifungua bure kupitia PubMed. Index Medicus ya karatasi iliacha kuchapishwa mwaka wa 2004.