Jack Kirby: alichora mashujaa kwa malipo ya ukurasa, leo kurasa zake ziko makumbusho

Captain America, Hulk, Thor, Black Panther: vijana wengi wa Goma, Bukavu na Bunia wamekutana nao kwenye filamu. Mkono uliowachora katika matoleo yao ya kwanza ulikuwa wa Jack Kirby, mtoto wa mfanyakazi wa kiwanda cha nguo cha New York, aliyefariki mwaka wa 1994. Leo kurasa zake zinatundikwa nyuma ya kioo katika majumba ya makumbusho ya Marekani, na afishi za mashujaa wake zinatafutwa na wazee waliozibandika ukutani wakiwa vijana. Yeye mwenyewe alihangaika miaka mingi ili arudishiwe sehemu ya kurasa hizo.

Alizaliwa tarehe 28 mwezi wa nane 1917 katika Lower East Side, mtaa wa wahamiaji maskini. Jina alilopewa na wazazi lilikuwa Jacob Kurtzberg. Wazazi hao walikuwa Wayahudi waliotoka Austria. Nyumba zilibanana, na watoto wa barabara moja walipigana na wa barabara nyingine kwa ngumi na kwa mawe. Jacob alikuwa mfupi wa kimo lakini hakukimbia. Ngumi zinazoonekana kutoka nje ya ukurasa katika michoro yake zilianzia huko.

Kuchora alijifunza mwenyewe, akitazama vibonzo vya magazeti na kwenda sinema. Alisimulia baadaye kwamba siku moja ya mvua aliona gazeti la hadithi za kisayansi likielea kwenye mfereji wa barabarani. Aliliokota, akalificha ili wenzake wasimcheke, akalisoma nyumbani. Aliingia shule ya sanaa ya Pratt, lakini aliiacha baada ya wiki moja hivi.

Katika miaka ya 1930 alipata kazi kwenye studio iliyotengeneza filamu za Popeye. Kazi yake ilikuwa kuchora miondoko midogo kati ya picha moja na nyingine. Meza zilipangwa mistari kwa mistari, na yeye aliona kwamba hapo hapakuwa na tofauti na kiwanda alichofanyia kazi baba yake. Akaondoka, akaingia kwenye vitabu vya vibonzo, vile ambavyo wengi huviita BD. Alitumia majina mengi ya kalamu kabla ya kubaki na Jack Kirby.

Ngumi kwa Hitler

Mwishoni mwa mwaka wa 1940, Kirby na mwenzake Joe Simon walitoa toleo la kwanza la Captain America. Kwenye jalada, shujaa huyo alimpiga Adolf Hitler ngumi ya taya. Marekani ilikuwa haijaingia vitani, ingebaki nje karibu mwaka mzima bado. Toleo hilo liliuzwa karibu nakala milioni moja. Simon alieleza baadaye kwamba watu waliowaunga mkono Wanazi pale New York walileta vitisho, hadi polisi wakaja kulinda biro yao.

Mauzo yalikuwa makubwa, lakini vijana hao wawili waliamini kwamba hawapati sehemu ya faida waliyoahidiwa. Baada ya matoleo kumi waliondoka. Shujaa alibaki mali ya mchapishaji.

Mwaka wa 1942 Kirby alimuoa Roz Goldstein, na mwaka uliofuata akaitwa jeshini. Alifika pwani ya Normandy, Ufaransa, mwezi wa nane 1944. Ofisa mmoja alipojua kwamba askari huyu ni mchoraji wa vibonzo, alimpa kazi ya hatari: kutangulia mbele ya wenzake, kupeleleza miji na kuchora ramani za mahali adui alipo. Majira ya baridi ya mwaka huo miguu yake iliganda kwa baridi kali, na madaktari walifikiria kuikata. Ilipona. Alirudi nyumbani mwaka wa 1945.

Amani ilimlazimu kutafuta soko jingine. Mwaka wa 1947 yeye na Simon walianzisha Young Romance, kitabu cha hadithi za mapenzi kilichouzwa sana. Lakini mwaka wa 1954 vitabu vya vibonzo vilishitakiwa mbele ya baraza la Seneti kwamba vinaharibu watoto. Kampuni nyingi zilifungwa, na wachoraji wengi walibadilisha kazi.

Maandishi ya pembezoni

Mwaka wa 1958 Kirby alirudi kwa mchapishaji yuleyule wa Captain America, kampuni ambayo baadaye ilijulikana kama Marvel. Alikuwa na familia ya kulisha. Alilipwa kwa kila ukurasa, bila mshahara wa mwezi na bila fungu la mauzo. Alichorea chumba cha chini ya nyumba yake huko Long Island, mara nyingi usiku hadi alfajiri.

Humo ndimo walimotoka Fantastic Four mwaka wa 1961, kisha Hulk, Thor, X-Men na Avengers. Mhariri Stan Lee na Kirby walizungumza kwa ufupi juu ya hadithi. Baadaye Kirby alikwenda kuichora yote, akiamua nani aingie, nani ashinde, na tukio gani lifuate. Pembezoni mwa kila ukurasa aliandika kwa penseli maelezo ya kinachotokea. Lee aliyasoma, akatunga maneno ya wahusika. Kitabu kilipochapwa pembe hizo zilikatwa, na msomaji hakuziona. Ndiyo sababu ubishi juu ya nani hasa alitunga mashujaa hao umedumu hadi leo.

Mwaka wa 1966, katika toleo la 52 la Fantastic Four, akatokea Black Panther, mfalme wa Wakanda. Wakati ule Mwafrika katika vibonzo vya Marekani alichorwa mara nyingi kama mtu wa porini asiyejua kitu. Kirby alichora nchi ya Afrika yenye mitambo ambayo wageni wake weupe waliitazama kwa mshangao. Filamu iliyotokana na mfalme huyo mwaka wa 2018 iliingiza zaidi ya dolari bilioni moja.

Picha zilizotoka kitabuni zikapanda ukutani

Kufikia mwisho wa miaka ya 1960, wanafunzi wa vyuo vikuu walikuwa wakisoma vitabu hivyo pamoja na wadogo zao. Mwaka wa 1971 kampuni ya Third Eye ilichukua picha moja moja kutoka vitabu vya Marvel, miongoni mwao za Kirby, ikazikuza kuwa afishi. Rangi za zamani ziliondolewa, zikawekwa za kung'aa, ambazo ziliwaka gizani chini ya taa ya zambarau. Mchoro uliotoshea kwenye kiganja cha mkono ukajaza ukuta wa chumba cha kulala.

Wengi wa kizazi hicho walimjua Kirby kwa namna hiyo kwanza, kabla ya kulijua jina lake. Waliona nyota zinazopasuka, mitambo mikubwa kuliko nyumba, na vidoti vyeusi vilivyojikusanya kuonyesha nguvu isiyoonekana. Leo afishi hizo, ambazo zilinunuliwa kwa pesa ndogo, ni vitu vya kukusanywa na kuhifadhiwa.

Kirby alikuwa ameshaondoka Marvel mwaka wa 1970. Alikwenda kwa mshindani, DC, akatunga New Gods na hadithi nyingine ndefu juu ya miungu inayopigana. Zilisimamishwa kabla hajazimaliza. Mwaka wa 1975 alirudi Marvel kwa muda, kisha akahamia kwenye filamu za katuni.

Michoro yake mingine ilisafiri bila yeye kujua. Alikuwa amechora mandhari ya filamu ambayo haikutengenezwa kamwe. Mwaka wa 1980 idara ya ujasusi ya Marekani, CIA, ilitumia michoro hiyo kama sehemu ya hila ya kuwatoa Wamarekani sita waliojificha Tehran, wakijifanya watu wa sinema. Siri hiyo ilitangazwa mwaka wa 1997, wakati Kirby amekwishafariki.

Kurasa 88

Katikati ya miaka ya 1980 Marvel ilianza kuwarudishia wachoraji kurasa zao za zamani. Wengine walipewa karatasi fupi ya kutia sahihi. Kirby alipewa mkataba mrefu zaidi, wenye masharti ambayo wengine hawakuwekewa: asingeweza kuuza kurasa hizo, wala kuzionyesha hadharani bila ruhusa. Aliahidiwa kurasa 88. Kwa kampuni hiyo alikuwa amechora zaidi ya 10,000.

Alikataa. Wachoraji na waandishi wenzake walitia sahihi barua za kumuunga mkono, na jambo likaenea magazetini. Mwaka wa 1987 alipokea karibu kurasa 2,000. Nyingi za zile zilizobaki zilikuwa zimepotea, zimegawiwa au zimeibwa. Alifariki nyumbani kwake Thousand Oaks, California, tarehe 6 mwezi wa pili 1994, akiwa na umri wa miaka 76.

Watoto wake waliendelea kudai haki za mashujaa. Mahakama mbili ziliipa Marvel ushindi, zikisema kazi ilifanywa kwa agizo la kampuni. Mwaka wa 2014, kesi ikiwa mlangoni mwa Mahakama Kuu ya Marekani, pande mbili zilipatana. Tangu hapo jina la Kirby linaandikwa pamoja na la Lee mwanzoni mwa vitabu.

Makumbusho yalikuwa yamekwisha kumfungulia mlango. Mwaka wa 2005 maonyesho makubwa ya wachoraji 15 wa vibonzo yalifunguliwa Los Angeles, Kirby akiwemo. Mwaka uliofuata yalifika Jewish Museum ya New York, katika mji uleule alikozaliwa. Chuo kikuu cha Northridge kilimwandalia maonyesho yake peke yake mwaka wa 2015, na kituo cha Skirball cha Los Angeles kikafanya hivyo mwaka wa 2025.

Kurasa zinazoonyeshwa humo ni kubwa kuliko zilivyochapwa. Mgeni anaona wino mweupe uliofunika makosa, vipande vya maneno vilivyobandikwa kwa gundi, na mistari ya penseli isiyofutika vizuri. Pembezoni, pale kiwanda cha chapa kilipokata, mwandiko wa Kirby bado unasomeka, ukieleza hadithi picha kwa picha.