Mfalme Aliyemkabidhi Kristo Nchi Yake

Sisi wa Mbulu na Hanang hatukuzoea mfalme mwenye kiti cha enzi. Basi tunapojiandaa kwa Sherehe ya Kristo Mfalme, tumtazame jirani yetu wa magharibi, Mutara III Rudahigwa, Mfalme wa Rwanda.

Katika Rwanda ya kale, mfalme alivaa taji la shanga, lakini alama kuu ya ufalme ilikuwa ngoma iitwayo Kalinga, iliyopambwa kwa viungo vya maadui waliouawa. Wazee walioitwa abiru walitunza kwa siri taratibu za kumsimika mfalme.

Rudahigwa hakusimikwa hivyo. Novemba 1931 Wabelgiji walimwondoa madarakani baba yake, Yuhi V Musinga, aliyekuwa amekataa pia kubatizwa, wakampeleka uhamishoni. Tarehe 16 mwezi huohuo, Gavana Voisin alimtawaza kijana huyo kule Nyanza, abiru wakiwa wamewekwa kando. Hata jina la Mutara lilichaguliwa na Askofu Léon Classe.

Baada ya miaka mingi ya mafundisho, mfalme alibatizwa Kabgayi tarehe 17 Oktoba 1943, akaitwa Charles Léon Pierre. Kisha, Jumapili ya Kristo Mfalme, 27 Oktoba 1946, aliiweka nchi yake wakfu kwa Kristo. Yeye aliyepewa ufalme na wageni, sasa aliutoa mwenyewe kwa Mfalme mkuu zaidi. Mwaka 1954 alifuta ubuhake, mfumo uliowafunga wanyonge kwa mabwana wenye ng'ombe.

Alifariki ghafla Usumbura tarehe 25 Julai 1959, bila mtoto. Siku ya mazishi abiru walisikika tena: kaburini walimtangaza ndugu yake wa baba mmoja, Kigeli V, kuwa mrithi.

Mwaka 1994, katika mauaji ya kimbari, mjane wake, Rosalie Gicanda, aliuawa pamoja na maelfu kwa maelfu, katika nchi ile ile iliyowekwa wakfu.

Katika falsafa tunajifunza kutofautisha alama na kitu chenyewe. Mfalme anaweza kuikabidhi nchi, lakini moyo hukabidhiwa na mwenyewe. Kristo hakupamba enzi yake kwa miili ya maadui. Alivaa taji la miiba, akawaombea waliomsulubisha. Basi tutakapoandamana na Ekaristi Jumapili hiyo, tumkabidhi pia mpaka wa shamba tunaougombania na jirani tusiyemsalimu.