Augustino, Mtu Aliyekawia Kuitika

Augustino alizaliwa Tagaste mwaka 354, katika Afrika ya Kaskazini, nchi iitwayo leo Algeria. Baba yake hakuwa Mkristo bado, lakini Monika mama yake alimfundisha jina la Yesu tangu utoto. Kijana alipokwenda Karthago kusoma, akayasahau hayo upesi. Akatwaa mwanamke pasipo ndoa, akamzalia mwana, Adeodato. Tena akafuata mafundisho ya Mani yapata miaka 9. Mwaka 383 aliazimu kwenda Roma. Mama yake akamshika asiende. Naye akamdanganya, akapanda merikebu usiku, huku mama yu kanisani akimwombea. Walakini Monika akamfuata ng'ambo.

Huko Milano Augustino alikuwa mwalimu mwenye cheo. Alikwenda kumsikiliza Askofu Ambrosio kwa ajili ya uzuri wa maneno tu, kumbe na maana yake ikamwingia. Akili yake ilisadiki kabla ya moyo. Alikuwa amemwomba Mungu usafi wa maisha, ila asimpe upesi. Sisi wachungaji twalijua ombi hilo. Twalisikia katika darasa la ubatizo, hata ndani yetu wenyewe.

Tena tusifiche jambo moja. Mwaka 385, ili yeye apate kuoa msichana wa ukoo mwema, yule mama wa mtoto wake alirudishwa Afrika peke yake, mtoto akabaki. Arusi ilipokawia, Augustino akatwaa mwanamke mwingine. Ameandika mengi juu ya maumivu ya moyo wake siku zile, lakini jina la aliyerudishwa hakuliandika. Kila tusomapo kitabu chake twasimama hapo, wala hatuoni la kumtetea.

Mwezi wa Agosti 386 Mwafrika mwenzake alimsimulia habari za Antoni wa Misri, aliyesikia Injili kanisani, akauza mali yake, akamfuata Bwana. Augustino akaona haya, kwa kuwa watu wasio na elimu walikuwa wakiingia, naye mwalimu amesimama mlangoni. Akatoka bustanini, akajitupa chini ya mtini, akalia. Ndipo akasikia sauti kama ya mtoto katika nyumba ya jirani, ikirudia kuimba kwamba atwae, asome. Akatwaa nyaraka za Paulo, akafungua Warumi mlango wa 13, akasoma aya ya 13 na ya 14. Mbele hakuendelea. Akaingia ndani kumpasha mama yake habari.

Pasaka ya mwaka 387 Ambrosio alimbatiza pamoja na mwanawe. Mwaka ule ule Monika alikufa Ostia, njiani kurudi Afrika. Mwaka 391 watu wa Hippo walimshika kanisani wakitaka awe kasisi wao, alilia, akakubali. Baadaye akawa askofu wao miaka zaidi ya 30.

Mwaka 430 Wavandali waliuzingira mji, naye akashikwa na homa. Aliagiza zaburi za toba zibandikwe ukutani mbele ya kitanda chake, akazisoma akilia, wala hakutaka mtu aingie ila tabibu na mleta chakula. Alikufa tarehe 28 Agosti. Wosia hakuacha, maana hakuwa na mali.