Mwalimu Nyerere na Jaribu la Mwaka 1964

Sisi wa Ngarambe, kijiji cha Kinjikitile Ngwale wa vita vya Maji Maji vilivyowaka mwaka 1905, twaijua thamani ya amani. Ndiyo maana twamkumbuka Mtumishi wa Mungu Julius Kambarage Nyerere katika mwaka wake mgumu.

Uhuru ulikuwa na miaka miwili tu. Tarehe 12 Januari 1964 yalitokea Mapinduzi ya Zanzibar. Tarehe 20, askari wa kambi ya Colito, Dar es Salaam, wakaasi wakidai mishahara bora na maofisa Waafrika. Mwalimu alijificha, kisha kwa uchungu akaomba msaada wa majeshi ya Uingereza, mtawala wa jana. Viongozi wa vyama vya wafanyakazi waliwekwa kizuizini bila kushtakiwa. Jambo hilo hatulifichi. Lakini mahakama ilipowahukumu waasi kifungo, Mwalimu aliiona adhabu kuwa ndogo, wala hakuibadilisha. Aliitii sheria kuliko hasira yake. Tarehe 26 Aprili ukazaliwa Muungano.

Mwenye nguvu anayejizuia huiponya nchi. Tuwaombee viongozi wetu fadhila ya kiasi, nasi tuianzie nyumbani.