Maisha ya Bwana Leibniz

Muhula huu, katika chumba cha kompyuta hapa shuleni Mikumi, niliandika jina la mji wetu katika faili. Kisha nikaiandikia kompyuta amri iitwayo xxd -b, inionyeshe faili hiyo ilivyo ndani. Herufi M ikatokea hivi: 01001101. Nilishangaa sana, nikataka kujua habari za mtu aliyewaeleza walimwengu hesabu za namna hii.

Gottfried Wilhelm Leibniz alizaliwa mwaka 1646 mjini Leipzig, Ujerumani. Baba yake, mwalimu wa chuo kikuu, alifariki mtoto akiwa na miaka sita tu, akamwachia vitabu vingi. Mtoto akajisomea humo mwenyewe hata akajua Kilatini. Alipopata miaka 14 aliingia chuo kikuu. Mwaka 1666 chuo hicho kilimnyima udaktari wa sheria. Akaenda Altdorf, akaupata huko.

Mwaka 1673 alionyesha London mashine yake ya kuhesabia. Haikuwa kamili, naye aliendelea kuitengeneza kwa miaka mingi. Mwaka 1676 alihamia Hanover, akawa mtunza maktaba wa mtawala.

Huko, mwaka 1679, aliandika jinsi ya kuhesabu kwa tarakimu mbili tu, sifuri na moja. Mwaka 1703 akawaeleza wataalamu wa Paris. Ukianzia kulia, kila nafasi ni maradufu ya iliyotangulia: 1, 2, 4, 8, 16, 32, 64. Basi M yetu ni 64 na 8 na 4 na 1, jumla 77. Hiyo ndiyo namba ya M ndani ya kompyuta.

Uzee wake ulikuwa wa taabu. Wafuasi wa Newton walimshtaki kuwa ameiba hesabu za kalkulasi, ingawa leo wataalamu wanakubali kwamba kila mmoja aligundua kwa njia yake. Alifariki tarehe 14 Novemba 1716. Bwana wake alikuwa amekwisha kuwa Mfalme wa Uingereza, na watu wa jumba la mtawala hawakufika mazikoni. Kaburi lake likakaa miaka mingi bila alama.

Wenzangu, mtihani umekaribia, na wengi wetu huuliza hesabu hii au ile itatufaa nini. Nami nilikuwa mmoja wao. Leibniz hakuwahi kuona kompyuta hata moja, lakini kazi aliyoianza inatufaa hata leo. Na sisi tumalize yetu.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne