Sir Geoffrey de Havilland na ufa usioonekana

Wazee waliokuwa vijana huku pwani katika miaka ya 1930 waliizoea eropleni ndogo yenye mabawa mawili, moja juu ya jingine, iliyokuwa ikipita kando ya mwambao na mifuko ya barua na abiria wachache. Zilikuwa ndege za Wilson Airways, kampuni iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1929 na Bibi Florence Kerr Wilson, na ndege yake ya kwanza ilikuwa Gipsy Moth. Huko Voi nako, tarehe 14 Mei 1931, ndiyo Gipsy Moth iliyoanguka na kumwua Denys Finch Hatton, yule Mwingereza mwindaji ambaye habari zake zimeandikwa vitabuni na kuchezwa senema. Ndege hizo zote zilibuniwa na mtu mmoja, naye ni Geoffrey de Havilland. Jina lake wengi wamelisikia, lakini maisha yake ni wachache wanaoyajua, na hasa ule mwaka wa 1954 ambao ulimkuta ameshazeeka na ukamtaka ajibu swali ambalo hakuna fundi aliyekuwa amewahi kuulizwa kwa gharama kubwa namna hiyo.

Alizaliwa tarehe 27 Julai 1882 karibu na mji wa High Wycombe, Uingereza. Baba yake alikuwa kasisi, mtu wa kipato kidogo na hasira nyingi, na nyumbani hapakuwa na raha. Kijana huyu alipenda mashine tangu utotoni. Alisomea uhandisi, akafanya kazi katika viwanda vya magari, kisha akayachoka magari. Habari za watu wanaoruka angani zilipoanza kuvuma, alimwendea babu yake mzaa mama, mfanyabiashara wa Oxford, akamwomba msaada. Mzee akampa pauni 1,000, fedha ambazo zingekuwa urithi wake baadaye. Wakati ule ilikuwa mali nyingi sana.

Yeye na rafiki yake Frank Hearle wakaunda ndege na injini yake, na mkewe Louise, aliyemwoa mwaka 1909, akawa ndiye anayeshona kitambaa cha mabawa kwa cherehani. Mwezi Desemba mwaka huo huo wakaipeleka kwenye uwanja wa malisho uitwao Seven Barrows. Ikainuka kidogo, mbao za bawa zikavunjika, na urithi wote ukawa rundo la vijiti na nyaya. Mwenyewe akatoka na michubuko tu. Akaiokoa injini, akaunda ndege ya pili yenye mbao bora zaidi, na mwaka 1910 ikaruka. Serikali ikainunua kwa pauni 400 na yeye akaajiriwa Farnborough, mahali palipokuwa na karakana ya serikali ya mambo ya anga. Lishike jina hilo la Farnborough, msomaji, maana tutarudi huko.

Habari za vita vya kwanza tutazipita upesi: alibuni ndege za kivita kwa kampuni ya Airco, zikatengenezwa kwa maelfu. Mwaka 1920 akaanzisha kampuni yake mwenyewe. Kilichomtajirisha hakikuwa silaha bali ile Moth ya mwaka 1925, ndege ya mbao na kitambaa ambayo mtu wa kawaida mwenye pesa kidogo angeweza kuinunua na kuikunja mabawa ili aiweke bandani. Aliipa jina la Moth, yaani nondo, kwa sababu mapenzi yake makubwa baada ya ndege yalikuwa wadudu wa namna hiyo na vipepeo. Kwetu sisi nondo ni mdudu na tena ni kile chuma cha kujengea, lakini katika Moth chuma kilikuwa kidogo sana. Amy Johnson aliruka nayo peke yake kutoka Uingereza mpaka Australia mwaka 1930. Shirika la East African Airways nalo, lilipoanza kazi mwaka 1946, lilianza na Dragon Rapide sita, ambazo ni kazi ya kampuni hiyo hiyo.

Ustadi wake ulikuwa katika mbao. Wakati wa vita vya pili wakubwa wa serikali walimcheka aliposema ataunda ndege ya vita ya mbao huku dunia nzima ikitumia aluminiamu. Mosquito ikaruka mwezi Novemba 1940, ikawa miongoni mwa ndege za kasi kabisa za wakati wake, na zikaundwa zaidi ya 7,700. Mbao, kama anavyojua fundi yeyote wa jahazi, huvumilia sana kutikiswa na kurudiwarudiwa na mawimbi. Chuma kina tabia nyingine.

Mafanikio hayo aliyalipia nyumbani kwake. Mwanawe John alikufa mwezi Agosti 1943 Mosquito mbili zilipogongana angani. Mwanawe mkubwa, aliyeitwa Geoffrey kama baba na ndiye aliyekuwa rubani wa kwanza kuijaribu Mosquito, alikufa tarehe 27 Septemba 1946 ndege ya majaribio ya DH.108 ilipovunjika juu ya lango la mto Thames, ikiwa na kasi inayokaribia ile ya sauti. Mama yao hakupona na msiba huo, naye akafariki mwaka 1949. Mzee mwenyewe aliendelea kwenda kazini. Wako waliomwona kuwa na moyo mgumu. Mimi naona kwamba hakuwa na mahali pengine pa kwenda.

Mwaka huo huo wa 1949, tarehe 27 Julai, siku aliyotimiza miaka 67, ndege mpya ya kampuni yake iliruka kwa mara ya kwanza ikiongozwa na John Cunningham. Hiyo ndiyo Comet, ndege ya kwanza ya abiria ya jeti duniani. Tarehe 2 Mei 1952 Comet yenye alama G-ALYP, ambayo marubani waliiita Yoke Peter, iliondoka London ikapitia Rome, Beirut, Khartoum, Entebbe na Livingstone mpaka Johannesburg, kwa muda usiofika saa 24. Kwa hiyo abiria wa kwanza wa jeti walikanyaga Afrika ya Mashariki kabla ya kufika kwingi kunakojivunia maendeleo. Wamarekani hawakuwa na ndege ya abiria ya kulinganisha nayo.

Comet ilipaa juu sana, futi 35,000 na zaidi, ambako hewa ni nyembamba na mtu hawezi kuivuta akaishi. Basi ilibidi kabini ishindiliwe hewa mpaka presha ya ndani iizidi ya nje kwa ratili 8 na robo kwa kila inchi mraba. Kila ndege ilipopanda, ngozi yake ya aluminiamu ilivimba kama kibofu cha mpira. Kila iliposhuka, ikanywea. Kuvimba huko jicho halikuoni, wala hakuvunji kitu kwa mara moja. Lakini chukua kipande cha waya ukikunje na kukikunjua. Mara ya kwanza hakina neno, ya kumi hakina neno, kisha ghafula kinakatika mikononi bila ya wewe kutumia nguvu zaidi. Huo ndio mafundi wanaouita uchovu wa chuma. August Wöhler, Mjerumani, alikuwa ameuchunguza tangu karne ya kumi na tisa katika mihimili ya magurudumu ya gari moshi iliyokuwa ikikatika njiani bila sababu ya kuonekana.

Tarehe 10 Januari 1954 Yoke Peter ileile iliondoka Rome kwenda London na watu 35. Karibu na kisiwa cha Elba ikapasuka angani, na wavuvi wa Kiitaliano wakaenda kuokota maiti. Hakupona hata mmoja. Ndege za Comet zikasimamishwa, zikakaguliwa, zikafanyiwa marekebisho ya kila jambo lililoweza kufikiriwa, na tarehe 23 Machi zikaruhusiwa kuruka tena. Tarehe 8 Aprili nyingine ikapasuka karibu na Naples ikielekea Cairo, na watu 21 wakafa. Siku chache baadaye cheti cha Comet kikafutwa.

Hapo ndipo Farnborough inaporudi. Mkurugenzi wake, Arnold Hall, aliamuru lijengwe tangi kubwa, na ndani yake kikatiwa kiwiliwili cha Comet nzima, mabawa yakiwa yamejitokeza nje. Wakaijaza maji ndani na nje. Maji yalitumiwa kwa sababu hayapasuki kwa kishindo kama hewa, hivyo ngozi ikichanika, ushahidi haupotei. Kisha wakaipandisha presha na kuishusha, usiku na mchana, huku mitambo ikiyainua na kuyateremsha mabawa. Dakika chache tangini zilikuwa sawa na safari nzima angani. Ndege ile ilikuwa imeshasafiri mara 1,221 za kweli, na ilipotimiza mara 1,836 za tangini, mwezi Juni, ngozi ikachanika kuanzia kwenye pembe ya uwazi wake. Jumla ni 3,057. Yoke Peter ilipasuka baada ya safari 1,290, na ile ya Naples baada ya 900 hivi.

Wanamaji wa Kiingereza nao walikuwa wakivua vipande vya Yoke Peter kutoka chini ya bahari. Kipande cha paa kikaonyesha mahali ufa ulipoanzia: pembeni mwa kidirisha cha mitambo ya redio, kwenye tundu dogo la kufungia. Nguvu zinazopita katika ngozi ya ndege hujikusanya kwenye pembe, mfano wa maji ya mto yanavyokwenda kasi yanapobanwa na nguzo ya daraja. Ufa ukishazaliwa, ncha yake ndiyo pembe kali kupita zote, basi kila safari huusogeza kidogo, mpaka ufike urefu ambao chuma kilichobaki hakiwezi tena kushika. Hapo haungoji safari nyingine. Husema wahenga kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini ufa huu haukuonekana na mkaguzi yeyote, na ukuta wenyewe ulikuwa na watu ndani.

Swali lililokuwa kwenye midomo ya wengi ni kama kampuni ilizembea. Ukweli ni kwamba kiwanda cha de Havilland kilikuwa kimeijaribu kabini kuliko sheria za wakati ule zilivyotaka. Kipande chao cha majaribio kilistahimili kushindiliwa presha yapata mara 16,000. Ubaya ni kwamba kipande hicho hicho kilikuwa kimekwisha kushindiliwa mara chache, kabla ya hapo, kwa presha ipatayo mara mbili ya kawaida, ili kupima nguvu zake. Presha ile kubwa iliivuta aluminiamu ya pembeni ikalegea kidogo, na ilipoachwa, chuma cha jirani kikaibana kama bendeji. Penye kubanwa namna hiyo ufa hufunguka kwa taabu. Yaani lile jaribio la kuthibitisha nguvu ndilo lililokiponya kipande cha majaribio, na ndege zilizobeba watu hazikupewa dawa hiyo. Mafundi walipimia kitu kilicho imara kuliko kile walichokiuza, nao hawakujua.

Uchunguzi wa hadhara ulioongozwa na Lord Cohen, uliofunguliwa Oktoba 1954, haukumtia mtu hatiani. Ninakubaliana nao, ingawa si kwa moyo mweupe kabisa. Baada ya Elba sababu ilikuwa haijapatikana, na ndege zikaruhusiwa kuruka na abiria. Hilo halikuwa suala la elimu bali la haraka, na waliolipa ni watu 21 wa Naples. Ajali ya mtu imeandikwa, ndivyo tunavyoamini, lakini kutawakali hakujamzuia mwenye ngamia kumfunga.

Sir Geoffrey, aliyepewa cheo hicho mwaka 1944, hakukimbia. Kampuni iliyatoa yote iliyoyajua mbele ya wachunguzi, na wapinzani wao wa Marekani wakafaidika nayo kama walivyofaidika wote. Alistaafu kazi za kampuni mwaka 1955. Comet ikaundwa upya yenye ngozi nene na madirisha ya mviringo, na mwezi Oktoba 1958 Comet 4 ikawa jeti ya kwanza kuchukua abiria wa kulipa kuvuka Atlantiki. East African Airways iliipata mwaka 1960, na Nairobi ikaunganishwa na London kwa jeti. Mashirika ya Misri, Sudan, Kuwait na Lebanon nayo yaliitumia. Lakini soko lilikuwa limeshachukuliwa na Boeing, na kampuni ya mzee ikauzwa kwa Hawker Siddeley.

Somo la tangi lile halikubaki kwenye ndege. Tarehe 27 Machi 1980 mtambo wa mafuta wa Alexander L. Kielland ulipinduka katika Bahari ya Kaskazini, watu 123 wakafa, na chanzo chake kilikuwa ufa uliozaliwa kwenye mshono mdogo wa kuchomelea uliofunga kifaa kisichobeba uzito wowote. Mawimbi yalifanya kazi iliyofanywa na presha katika Comet. Hivi leo kiwiliwili cha ndege mpya huchoshwa kwa makusudi ardhini, nao wabunifu hawadai tena kwamba ufa hautatokea. Hukadiria utakua kwa kasi gani, kisha hupanga ukaguzi uufikie kabla haujawa hatari.

Geoffrey de Havilland alifariki tarehe 21 Mei 1965, akiwa na miaka 82. Majivu yake yalimwagwa kutoka angani juu ya Seven Barrows.